Nusu Milimita

4 Machi

Shemeji,

Salamu zikufikie huko uliko. Sisi hatujambo, ila mama mkwe magoti yanamsumbua kukiwa na baridi, na pacha wanarefuka hadi sare zao za shule zinanitia aibu mbele ya mwalimu.

Najua utashtuka kuuona mwandiko wangu baada ya miaka sita. Anwani yako nimepewa na mzee wa karakana, bosi wako wa zamani. Alikuwa na namba yako ya simu pia, nikaikataa. Kwenye simu mtu hujibu linalomjia mdomoni. Mimi nataka ukae, ufikiri, ndipo uandike.

Jambo lenyewe ni pikipiki ya mume wangu. Tangu walipoileta juu ya mkokoteni siku ile, imekaa stoo, nyuma ya chumba changu cha kupigia pasi, nimeifunika shuka la hoteli lililoungua. Sikuiuza, sikuigusa. Sasa mwenye nyumba anaitaka stoo yake, na mdogo wa marehemu anaitaka pikipiki. Unamkumbuka? Ulimwacha mwanafunzi anayejificha nyuma ya choo kuvuta sigara. Sasa ana miaka ishirini na minne, ni fundi wa malori, ana ndevu, na akicheka madirisha yanatikisika. Anasema ataifufua aende nayo kwenye mashindano, uwanja uleule wa ndege wa zamani, barabara ileile aliyofia kaka yake. Watu bado wanaizungumzia, anasema. Haikuwa na mwenzake, na siri yake ilikuwa hedi uliyoichonga wewe.

Mimi ni dobi. Injini kwangu ni giza. Lakini wewe ndiye rafiki wa marehemu, ndiye uliyempa jina la Kerengende kwa ile miguu yake mirefu, na mikono yako ndiyo ya mwisho kuigusa hedi ile. Nataka kujua mambo mawili. Ulifanya nini? Na je, mtu mwingine akiipanda, ni salama?

Nikuambie na jingine, ambalo sijamwambia mtu. Kila siku saa kumi na moja jioni, saa aliyokuwa akirudi kazini, naisikia. Inatokea kwenye kona ya shule, inabadilisha gia mara mbili, inakaribia, halafu inakatika. Haifiki getini. Ingekuwa inafika ningeogopa, nikazoea. Kinachonimaliza ni kwamba haifiki. Na saa hiyohiyo mama mkwe huacha anachofanya, akainamisha kichwa upande mmoja. Hatujawahi kuulizana.

Shemeji yako,
Mama Pacha


15 Machi

Shemeji,

Barua yako niliipokea kazini mbele ya watu, nikaitia mfukoni hadi zamu ilipoisha. Nimeisoma mara tatu. Hapa kiwandani ndivyo wanavyoniita, Mara Tatu, kwa sababu kila kipimo nakipima mara tatu kabla sijakigusa chuma. Wenzangu wanasema hata chai naionja mara tatu kabla ya kuamua kama ina sukari. Tunatengeneza pampu za maji. Ni kazi ya utulivu. Siku hizi navaa miwani mizito kama kitako cha chupa. Tukikutana njiani utanipita.

Umeuliza nilifanya nini. Hedi ni kile kifuniko cha juu ya silinda, chenye mapezi kama ya samaki, pale plagi inapochomekwa. Kwenye injini kama ile, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, hedi haina mambo mengi ndani. Ni kama bakuli lililofunikwa kifudifudi. Pistoni ikipanda, inausukumia mvuke wa petroli ndani ya bakuli, plagi inatoa cheche, mvuke unalipuka. Ukiukwangua uso wa chini wa hedi, bakuli linapungua kina, mvuke unabanwa zaidi, na mlipuko unakuja na nguvu zaidi. Hakuna uchawi hapo. Marehemu aliniomba nitoe nusu milimita. Ni kama unene wa kucha yako. Nikaifunga kwenye mashine, nikaikwangua, nikamrudishia.

La pili: mdogo wake asiipande. Mpeni mtu wa vyuma chakavu aikate, stoo ipate nafasi. Chuma kilicholala miaka sita hakiaminiki. Pikipiki ziko tele mjini, atafute nyingine. Wala msijisumbue kuifungua hiyo injini, mtachafua ua bure.

Ile sauti ni majonzi, shemeji. Usiifuate.

Msalimie mama. Waambie pacha kuna mtu mbali huku aliyewabeba siku ya tatu tangu wazaliwe, akawaogopa wote wawili.

Shemeji yako,
Mkereza


27 Machi

Shemeji,

Asante kwa kujibu. Lakini umejibu kama mtu anayefunga mlango polepole ili bawaba zisilie. Mimi nimeuliza kama hedi ni salama, wewe umenijibu kuwa chuma kimezeeka. Nilimsomea mdogo mtu, akasema chuma si nyanya, hakiozi, na akiifungua atajionea mwenyewe. Ukimkataza mtu kama yule bila sababu, umempa sababu.

Nimekaa nikafikiri, na nadhani najua kwa nini hutaki ifunguliwe. Unanistiri. Wewe ni fundi, bila shaka ulishajua tangu siku ya mazishi. Ulisimama mbali, hukunipa mkono, na kabla mwezi haujaisha ulikuwa umehama mji. Watu walisema huzuni. Mimi nilisema moyoni, huyu anajua, hataki kunitazama usoni. Basi ngoja nikutue mzigo huo.

Asubuhi ile ya Jumapili tuligombana. Haukuwa ugomvi wa kuita majirani. Pacha walikuwa na homa, nilitaka abaki. Yeye akasema raundi ni mbili tu, saa saba atakuwa nyumbani anawapepea. Akaniomba nimjazie tangi wakati yeye anatafuta glavu. Nilishamjazia mara mia. Petroli lita tano ndani ya dumu, kikombe kimoja cha ile oili ya bluu, unatikisa, unamimina. Siku ile nilikuwa na hasira na mtoto mmoja analia mgongoni. Dumu nalikumbuka. Mkondo wa petroli naukumbuka, hata jua lilivyokuwa linapita ndani yake. Kikombe sikikumbuki.

Jioni, nyumba ikiwa imejaa watu wa msiba, niliingia stoo nikakikuta kikombe juu ya rafu. Kimekaa wima, kikavu, kisafi.

Miaka sita nakiona kikombe kile, shemeji. Nikiwa napiga pasi naacha ghafla, nanusa vidole, natafuta harufu ya oili. Vina harufu ya sabuni tu. Na neno langu la mwisho kwake, pale getini, lilikuwa: "Nenda, mkeo huyo anakungoja." Nilimaanisha pikipiki.

Sasa nijibu kama fundi, usinijibu kama shemeji. Injini ya namna ile ikikosa oili, inakuwaje?

Mama Pacha


9 Aprili

Shemeji,

Umeuliza, nami nakujibu. Injini ya namna ile ikikosa oili, pistoni hukauka, hupata moto, huvimba, ikaing'ang'ania silinda. Injini hujifunga na gurudumu la nyuma husimama ghafla. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana.

Lakini usijilaumu. Ulikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Maji yakishamwagika hayazoleki. Nakushauri usimwambie mtu, haitamsaidia yeyote.

Samahani kwa ufupi, kazi ni nyingi.

Mkereza


2 Mei

Shemeji,

Ulinishauri nisimwambie mtu, nikashindwa. Jambo likiwa halina uhakika unaweza kulificha, kwa sababu huenda halipo. Ulipolithibitisha, lilianza kukaa nasi mezani.

Nilimwambia mama siku ya Ijumaa, tunakunja mashuka ya hoteli, yeye ncha mbili, mimi ncha mbili. Nikasema, "Mama, mwanao hakufa kwa mwendo kasi. Nilisahau oili." Hakuacha kukunja. Tulikutana katikati kama kawaida, akazipokea ncha zangu, akalimaliza shuka, akaliweka juu ya mengine na kulinyoosha kwa kiganja. Ndipo akauliza, "Umejuaje?"

"Fundi, rafiki yake, amesema."

Kisha akasema, "Miaka sita umenipikia."

Jumamosi asubuhi alihamia kwa wifi yangu, bila kubeba hata kikombe chake cha chai. Pacha wananiuliza bibi anarudi lini, nawaambia magoti yakipona.

Mdogo mtu hakunikasirikia, na hilo liliniuma kuliko la mama. Alinishika bega akasema, "Basi, shemeji, kumbe hedi haikuwa na kosa." Kesho yake akaifungua injini uani. Nilisimama nikatazama mwanzo hadi mwisho. Nilijiambia hiyo ndiyo adhabu yangu. Aliing'oa hedi, akaipeleka juani. Uso wake umelala kama kioo. Akasema mkono uliofanya kazi hii ni mkono wa fundi hasa. Pistoni ilikuwa na tundu juu, karibu na ukingo, kidole kinapita, na kandokando ya tundu alumini imechimbikachimbika kama ubao ulioliwa na mchwa. Vipande vilikuwa vimeanguka chini vikakwama kwenye mashine ya ndani, akavitoa kwa koleo. Lakini kuta za silinda zilikuwa nzuri. Nilipitisha kidole changu, nikaona ni laini, na kidole kikatoka na utelezi. Nikamuuliza mbona. Akasema, "Fundi kashasema ni oili, shemeji. Tusimfundishe kazi."

Ameagiza pistoni mpya. Hedi atarudisha ileile. Mashindano ni Jumapili, tarehe 19 mwezi huu, na amesema oili atajiwekea mwenyewe. Alisema kwa utani. Nilicheka.

Nakushukuru. Watu hudhani kujua ni kubaya kuliko kukisia. Si kweli. Tangu barua yako ya mwisho, saa kumi na moja inapita kimya. Sijaisikia tena.

Mama Pacha


14 Mei

Shemeji,

Barua hii anakuletea dereva wa lori letu la pampu. Nimemwapisha akukabidhi mkononi. Kabla hujasoma mstari wa pili, mtafute mdogo mtu umwambie asiikimbize ile pikipiki. Mengine yanaweza kungoja.

Sasa soma.

Oili uliiweka. Ushahidi umeniandikia mwenyewe bila kujua. Injini iliyokufa kwa kukosa oili kuta zake huchanika, zinakuwa na mikwaruzo kutoka juu hadi chini kama mtu aliyeparurwa na paka. Wewe ulipitisha kidole ukakuta laini, na kidole kikatoka na utelezi. Utelezi ule ni oili yako. Kikombe kilikuwa kisafi kwa sababu wewe ni dobi. Hata ukiwa na hasira, hata mtoto akilia, mkono wako hauwezi kurudisha chombo kichafu rafuni. Ulikifuta ukasahau kwamba umekifuta.

Lile tundu lina habari nyingine. Mvuke ukibanwa kupita kiasi haungoji cheche ya plagi. Unalipuka ovyo, tena na tena, ti ti ti, kama kokoto ndani ya kopo. Kila mlipuko unang'oa chembe ya pistoni. Pistoni ikitoboka, vipande vinaanguka ndani, injini inajifunga, gurudumu linasimama. Kukosa oili hakufanyi hivyo. Inayofanya hivyo ni hedi iliyokwanguliwa kupita kiasi. Ni kazi yangu.

Mwaka ule macho yangu yalikuwa yanakufa. Sikumwambia mtu. Fundi wa kukereza asiyeiona mistari ya kipimo hana tofauti na dereva kipofu, na mzee wa karakana angenipa mkono wa kwaheri siku hiyohiyo. Nikajifunza kujificha. Nikawa nahesabu mizunguko ya mpini, nasikiliza chuma kinavyolia, nakisia. Miezi minane nilikisia vizuri, nikaanza kujiona mjanja. Alhamisi ile Kerengende alisimama ubavuni kwangu anahadithia jinsi pacha mmoja alivyoanza kutembea na mwenzake akaamua kumpanda mgongoni. Nilicheka, nikauzungusha mpini, nikausoma mstari ambao sikuuona. Aliomba nusu milimita. Nilitoa zaidi ya milimita moja.

Nilijua siku ileile. Huko ndiko ninakotaka ufike, shemeji. Yeye alipotoka kwenda kununua sigara, niliifunga hedi juu ya silinda, nikaingiza waya laini wa risasi kupitia tundu la plagi, nikaizungusha injini kwa mkono. Pistoni inauponda ule waya, na unene unaobaki ndiyo nafasi iliyobaki juu ya pistoni. Ulipaswa kutoka mnene kama sarafu. Ulitoka kama ganda la kitunguu. Hapo sikuhitaji macho. Niliuhisi kwa vidole.

Dawa ilikuwepo. Unakata gasketi nene ya shaba, unaitandika chini ya hedi, hedi inanyanyuka. Shaba ilikuwa imeisha karakana, ingekuja Jumatatu. Akarudi, akaiwasha mlangoni. Ililia sauti ambayo hatujawahi kuisikia, na mafundi wote wakaacha kazi wakatoka kutazama. Wakanipigia makofi. Nilisimama pale na waya umefumbatwa mkononi, nikasema moyoni: Jumapili moja tu. Jumatatu nitamwambia ailete.

Nilihama mji kwa sababu kila injini iliyopita barabarani ilikuwa inagonga, ile ti ti ti. Huku nako zinagonga. Pampu mpya, haijawahi kuona maji, naisikia inagonga. Unasema sauti yako imekoma tangu nilipokuandikia. Nadhani nilikunyamazishia kwa uongo, na ya kwangu ikapanda. Sasa naisikia hadi kwenye bomba linalovuja.

Kuhusu ile barua ya tarehe tisa. Ulipoandika habari ya kikombe, nilisoma nikahisi jambo ambalo naona aibu kuliandika. Nilihisi nafuu. Niliona kuna mtu mwingine wa kuubeba mzigo wangu, na mtu mwenyewe ameshaubeba miaka sita, ameuzoea. Kila neno nililoandika siku ile lilikuwa kweli, na barua nzima ilikuwa uongo. Sikujua ungemwambia mama. Hata ningejua, sina hakika ningeandika vingine, na hilo ndilo linalonitisha kuliko ile hedi.

Msomee mama haya yote. Usiruke kitu. Arudi nyumbani kwake.

Mkereza


22 Mei

Shemeji,

Lori la dereva wako lilimfia njiani siku tatu. Alifika kwangu Jumapili, saa tatu asubuhi, ana grisi hadi kwenye nyusi, barua kaificha ndani ya kofia. Mdogo mtu alishaondoka kwenda uwanjani. Nilisoma mistari ya kwanza nimesimama mlangoni, sikuendelea. Nikamwuliza dereva, "Lori linatembea?"

Akasema, "Linatembea kwa kuombwa."

Tukaliomba. Pacha niliwaacha kwa jirani, mmoja ana kiatu kimoja. Njia nzima dereva hakuniuliza lolote. Alikuwa anaisemesha gia kama mtu anayembembeleza ng'ombe.

Uwanjani walikuwa wameshajipanga. Pikipiki kumi na mbili, moshi wa bluu umetanda, watu nyuma ya kamba. Ile yake niliitambua kabla sijaiona. Miaka sita ilikuwa inanijia ikikatika, na sasa ilikuwa mbele yangu inanguruma, haikatiki, na mimi ndiye niliyekuwa naikimbilia. Miguu ilitaka kurudi. Nilipita chini ya kamba, mtu akanishika kanga, nikamwachia kanga, nikaenda nikasimama mbele ya gurudumu.

Mdogo mtu akainua kioo cha helmeti. "Shemeji, unanitia aibu mbele za watu."

"Zima."

"Kuna nini? Mama?"

"Zima kwanza, nitakuambia."

Akazima. Wengine wakaondoka bila yeye. Nilimsomea barua yako palepale kando ya barabara, na kila walipopita nilinyamaza nikangoja vumbi litue. Hakuamini. Alisema unamwonea wivu marehemu hata kaburini. Basi nikamwambia, "Yupo fundi hapa mwenye waya wa risasi?" Alikuwepo. Mdogo mtu aliufanya ule mtihani wako yeye mwenyewe, kwa mikono yake, injini bado ya moto inamchoma vidole. Waya ulipotoka aliniwekea kiganjani. Haukuwa na uzito wowote. Ulikuwa kama kitu ambacho mtu amekipuliza. Akakaa chini juu ya lami na helmeti yake kichwani, na sikuuona uso wake kwa muda mrefu.

Mama nilimfuata jioni kwa wifi. Nilimsomea yote, sikuruka, hata yale niliyotamani kuyaruka. Alirudi nami. Hakuniomba radhi, si mtu wa hivyo. Alipofika aliwakamata pacha akawaogesha, akawasugua kama anasugua sufuria iliyoungua, wakalia wote wawili, naye akalia, ikawa hakuna anayeweza kuulizwa analia nini.

Sasa mimi na wewe.

Macho kufa si kosa lako. Mkono kuteleza, nani hajateleza. Kuficha pia nakuelewa, maana mimi nilificha kikombe miaka sita na tulikula meza moja na mama yake. Hata ile "Jumapili moja tu" nimejilazimisha kuielewa. Nimejaribu kusimama pale ulipokuwa umesimama, na makofi yale. Lakini barua ya tarehe tisa uliiandika ukiwa na miwani. Uliona kila mstari. Ulijua jina langu, ulijua nina pacha, ulijua nanusa vidole, ukashika kalamu ukaandika "inawezekana", ukafunga bahasha, ukaibeba hadi posta. Njia hiyo yote ungeweza kugeuka. Sina mahali pa kuiweka barua hiyo, shemeji. Nimejaribu, haikai popote.

Mama anataka uje. Anasema maneno ya karatasi yana mwanya. Mimi sitaki kukuona. Lakini aliyekufa alikuwa mwanawe, na nyumba hii yeye ndiye mkubwa. Njoo Jumamosi yoyote.

Mama Pacha


2 Juni

Shemeji,

Naandika nikiwa stendi, gari langu halijajaa. Jana ulipita uani na beseni, hukunitazama, ukaingia chumba cha pasi ukafunga mlango. Ni haki yako. Sikuja kwa ajili ya kukubishia hodi. Lakini kwa kuwa hukukaa, na kwa kuwa sitaki tena liwepo jambo ninalolijua mimi usilolijua wewe, nakuandikia tuliyoyasema na mama.

Mdogo mtu alinipokea hapa stendi. Hakunipa mkono. Tulitembea yeye mbele mimi nyuma hadi kona ya shule, ndipo akageuka akaniuliza shaba ya gasketi iwe ya unene gani. Nilimwambia asichukue neno langu kwa chochote. Apime kwa waya, apime tena, ampe na mwingine apime. Akasema, "Nimekuuliza unene." Nikamtajia. Akaandika kwenye pakiti ya sigara.

Mama alinikalisha kiti cha karibu na mlango. Yeye alikaa kitandani, magoti kayafunga kwa vitambaa. Nilidhani atapiga kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu:

"Siku ile, alikuuliza kama iko sawa?"

"Aliuliza."

"Alisemaje? Maneno yake."

Nikamwambia. Alikuwa ameshaipanda, ameinama juu ya tangi, anacheka. Aliniuliza, "Kaka, Jumapili niifungulie mafuta yote, au niionee huruma?"

"Ukamjibu nini?"

Sikuwahi kumwambia mtu hili, shemeji, hata kwenye barua ile ndefu sikuliandika. Nikasema, "Nilimwambia, ifungulie yote."

Mama alitazama ukutani. Kwenye chumba chako pasi ilikuwa inafoka mvuke, halafu ikanyamaza, nikajua unasikia. Nilihesabu vigae vya sakafu mara tatu.

"Akaondoka vipi?" akauliza.

"Akiimba."

"Hakuwa na wasiwasi."

"Hakuwa nao, mama. Aliniamini."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima kwanza kama anauweza. Akasema, "Miaka sita nimelala nikidhani mwanangu alikwenda na hasira moyoni, au na hofu. Kumbe alikwenda na raha yake." Akajikunjulia shuka hadi kifuani. "Hilo nalichukua. Yaliyobaki ni yako, nenda nayo."

Nikasimama. Nikapita mlango wa chumba chako cha pasi bila kubisha.

Mkereza